Jinsi ya kwenda Tamasha la Theluji Sapporo na kula vizuri ukiwa huko, hatua kwa hatua

Sapporo ndio mji mkuu wa Hokkaido, kile kisiwa kikubwa cha kaskazini kabisa mwa Japani. Una watu karibu milioni 2, na theluji inayoanguka pale kila msimu wa baridi ukiijumlisha inafika kama mita 5. Wenyewe wakaamua wasiishie kuizoa na kuilalamikia, wakaifanyia sherehe. Ilianza 1950, wanafunzi wa shule za palepale mjini walichonga masanamu 6 tu kwenye bustani ya Odori, 1955 wanajeshi wakaingia kusaidia ndio yakaanza yale majitu makubwa, alafu 1972 Olimpiki ya majira ya baridi ikafanyika hapohapo Sapporo na dunia nzima ikajua kuna kitu kinaendelea huko. Siku hizi wanakuja watu kama milioni 2 ndani ya wiki moja.

Wengi wakiuliza habari za hii safari wanauliza baridi, visa na bei, na yote tutayagusa. Ila jambo moja nataka ulishike mapema kabisa: siku yako ipange kwa kufuata milo, masanamu yatajipanga yenyewe katikati. Kwenye baridi ile unakaa nje dakika 40, ukijitahidi saa moja, vidole vinaanza kufa ganzi, unaingia ndani unakula kitu cha moto, mwili unarudi, unatoka tena. Ukienda hivyo unaona kila kitu na unafurahi. Ukijifanya jasiri ukapiga masaa manne mfululizo barabarani utaishia kuchukia theluji, na Hokkaido ndio sehemu inayosifika kwa chakula Japani nzima, sasa kwanini ujinyime?

Hatua ya 1: Tarehe na kitanda kwanza, mengine baadaye

Tamasha linafanyika mwanzoni mwa Februari, miaka ya karibuni limekuwa tarehe 4 mpaka 11. Kiingilio hamna, bustani iko wazi kwa yeyote, kwahiyo pesa yako kubwa itaenda kwenye ndege na hoteli. Na hoteli ndio kesi yenyewe, kwasababu wiki ile bei zinapanda sana na vyumba vya karibu na Odori vinaisha miezi kadhaa kabla, mimi nashauri ukishajua unaenda, shika chumba hata miezi 6 mapema kwenye zile sehemu zinazokubali kughairi bure. Ukikosa Sapporo kabisa usikate tamaa, tafuta miji ya jirani ya Otaru au Chitose, treni zipo nyingi na hazichelewi ovyo.

Kwa Waislamu angalia kalenda vizuri, mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, yaani inaweza kuangukia katikati ya tamasha. Kama nia yako ni kula mchana kweupe basi panga siku za mwanzo, au uende mwaka mwingine.

Hatua ya 2: Visa na njia

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Japani, unaomba ubalozini na wanataka kuona mpango wa safari siku kwa siku, hoteli, tiketi, taarifa ya benki na barua ya kazi au biashara. Mpango wa siku kwa siku usiuchukulie poa, uandike kweli, maana wanausoma. Ndugu zetu wa Ulaya na Marekani wenye pasipoti za huko wengi wao hawahitaji visa kwa matembezi mafupi.

Kutoka Afrika Mashariki utapitia Addis Ababa, Dubai au Doha mpaka Tokyo, alafu unachukua ndege ya ndani kwenda uwanja wa New Chitose, kama saa moja na nusu hivi. Treni ya kasi ya shinkansen bado haijafika Sapporo, inaishia Shin-Hakodate-Hokuto kule kusini mwa kisiwa, kutoka hapo kuna masaa mengine zaidi ya matatu kwa treni ya kawaida, kwahiyo kama huna hamu maalum ya reli panda ndege. Ukishuka New Chitose, treni ya kwenda mjini iko chini ya uwanja huohuo na inachukua chini ya dakika 40.

Kitu muhimu sana hapa: dhoruba ya theluji inaweza kufunga ule uwanja, ndege zikafutwa siku nzima. Usipange ndege yako ya kimataifa ya kurudi nyumbani siku ileile unayotoka Sapporo. Lala Tokyo usiku mmoja, moyo utulie.

Hatua ya 3: Nguo, na hasa miguu

Februari Sapporo mchana inacheza kwenye sifuri, usiku inashuka chini ya sifuri digrii 6 au 7 na kuna siku inafika 10. Baridi yake ni kavu, ukijifunika vizuri inavumilika kabisa. Koti zito usikimbilie kununua dukani, nenda mitumba, Karume pale Dar au Gikomba Nairobi makoti ya theluji yapo na bei yake ni ya kibinadamu, chagua lenye kofia na linalofunika mpaka mapajani. Ndani vaa nguo nyepesi za kubana za kuhifadhi joto, juu yake sweta, juu yake koti. Usivae sweta moja zito lisilovulika, kwasababu ndani ya maduka na treni wanawasha joto kali mno, utatoka jasho, alafu ukitoka nje na lile jasho ndio baridi inakupata vizuri. Vitu vya kuvaa na kuvua haraka, hiyo ndio siri.

Viatu ndio usifanye mchezo. Theluji mpya haina shida, shida ni ile iliyokanyagwa na maelfu ya watu ikagandamizwa ikawa barafu inayong'aa, hasa kwenye vivuko vya barabara. Raba za kawaida hazishiki pale. Kuna vifaa vya kuvalisha juu ya kiatu, mpira wenye vimeno vya chuma chini, vinauzwa stesheni na kwenye maduka madogo ya saa 24, nunua siku ya kwanza kabla hujaanza kuzunguka. Tembea kwa hatua fupi, unyayo wote chini, mikono usiiweke mifukoni. Na ukipita kwenye kona za barabara utaona masanduku, ndani yake kuna mifuko midogo ya kokoto laini, zile ni za kila mtu, ukiona mbele panateleza unachukua mfuko unamwaga unapita na anayekuja nyuma yako anapita salama pia. Hicho kitu nakipenda sana kwenye mji ule.

Alafu nunua kairo, vile vifuko vya joto, unavifungua vinapata moto wenyewe kwa masaa mengi. Vya kubandika weka juu ya nguo ya ndani, kiunoni kwa nyuma, usibandike kwenye ngozi vinaunguza. Kingine weka mfuko mmoja na simu yako maana baridi inaua betri, unaweza kuwa na asilimia 40 ikazima ghafla. Mafuta ya mgando mengi, mdomoni, mikononi, usoni, hewa yao inakausha ngozi yetu vibaya sana.

Hatua ya 4: Ujue ramani kwa kupitia chini ya ardhi

Tamasha lina sehemu tatu. Odori ndio kubwa, bustani ndefu ya kilomita 1.5 katikati ya mji, imekatwa vipande vya mitaa kuanzia wa 1 ulipo mnara wa televisheni mpaka wa 12. Susukino ni mtaa wa starehe, huko masanamu ni ya barafu ngumu. Tsudome iko nje kidogo, ni ya familia, kuna mteremko wa kuserereka ukiwa umekalia maboya ya mpira, ila inafungwa mapema saa 10 jioni.

Treni za chini ya ardhi ziko laini tatu na zote zinakutana stesheni ya Odori, kwahiyo huwezi kupotea sana. Laini ya kijani inakupitisha Sapporo, Odori, Susukino mfululizo. Kadi za Suica, zile za kulipia treni ulizonunua Tokyo, zinakubali hapa. Ila kitu ambacho wageni wengi wanachelewa kukijua ni kwamba kutoka stesheni kuu ya Sapporo mpaka Susukino unaweza kutembea chini kwa chini mwanzo mwisho, kuna njia pana ya waenda kwa miguu iliyofunguliwa 2011 na maduka pembeni, kuna joto, kuna vyoo, kuna sehemu za kukaa. Ukihisi baridi imekuzidi tafuta ngazi yoyote iliyoandikwa namba ya kushukia, shuka.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Asubuhi anza tumboni. Soko la Nijo liko mwendo mfupi tu kutoka mnara wa televisheni, linafunguka mapema, na humo ndani kuna vijimgahawa vya kaunta ambapo wanakupa bakuli la wali wa moto limefunikwa na vitu vya baharini vibichi, mayai mekundu ya samoni yanayopasuka mdomoni, kaa, kamba, hotate ambao ni aina ya chaza wa ganda pana, na uni. Uni ndio wale viumbe wa miiba mirefu ambao pwani kwetu mtu akiwakanyaga anachechemea wiki nzima, wao wanawapasua na kula kile kitu cha njano cha ndani, ni laini, kitamu, kina uchumvi wa bahari kwa mbali. Kama unaogopa vibichi omba hotate wa kuchoma na siagi na soya sosi, hapo hakuna ubishi. Bei ya bakuli inatofautiana sana kutegemea wameweka nini juu, yen 2,000 mpaka 4,000 na kuendelea, zimeandikwa na picha ziko wazi kwahiyo huulizi mtu.

Ukishiba ingia Odori asubuhi hiyohiyo watu bado wachache. Watu wanatembea upande mmoja tu, kuna walinzi wanaelekeza, usigeuke kurudi nyuma utazuia msafara. Yale makubwa yanafika mita 15 kwenda juu, na kabla hujapiga picha sogea karibu uangalie uso wa sanamu lenyewe. Wanaanza na fremu za mbao, wanashindilia theluji humo ndani mpaka iwe ngumu kabisa, wanatoa mbao wanachonga kwa sepeto na shoka, mwishoni wanachukua theluji safi wanaichanganya na maji wanaipaka kwa mkono juu yote kama fundi anavyopiga lipu. Ndio maana utaona ukingo wa nguo au nyusi za mtu zimetoka kali kabisa, hazina hata ufa. Kazi ya karibu mwezi mzima, na theluji yenyewe inaletwa kwa malori kutoka nje ya mji maana inatakiwa isiyo na uchafu.

Usipite haraka kwenye yale madogo. Kuna masanamu ya mita 2 hivi yanayotengenezwa na wananchi wa kawaida, majirani, wafanyakazi wa ofisi moja, familia, wamepata nafasi kwa bahati nasibu. Pale ndio utakuta vibonzo, paka, wacheza mpira, vitu vya mwaka ule. Na mashindano ya kimataifa yanafanyika toka 1974, timu kutoka nchi mbalimbali zinachonga mbele yako, ukienda siku za mwanzo za tamasha utawakuta bado kazini, kwa kawaida mtaa wa 11. Mimi naona hii sehemu ina raha kuliko hata yale majitu, unaona mtu yuko juu ya ngazi na kijishoka anafikiria.

Katikati ya hiyo matembezi kuna vibanda. Nunua kiazi cha siagi, wenyewe wanaita jagabata, kiazi kimechemshwa na ganda lake, kimepasuliwa msalaba, kimewekwa kipande kikubwa cha siagi kinayeyuka unakiona. Hokkaido inatoa viazi vingi kuliko mkoa wowote Japani na zaidi ya nusu ya maziwa ya nchi nzima, kwahiyo hicho kiazi na hiyo siagi ni vya nyumbani kabisa. Kunywa amazake ya moto, kinywaji cha wali uliochachushwa kidogo, kitamu chenyewe bila sukari, ila uliza maana kuna aina inatengenezwa na masalia ya pombe. Takataka rudisha palepale kwenye kibanda au pipa la sehemu ya kula, barabarani mapipa karibu hamna.

Mchana ukiwa umepoa kabisa ingia kwenye supu ya kari. Hii ni ya Sapporo, ilianza miaka ya 1970, sio ule mchuzi mzito wa kari wa Kijapani, hii ni supu nyepesi yenye viungo vingi, kwa mtu wa pwani harufu tu inamkaribisha. Unachagua kwa hatua, kwanza supu, alafu nyama, mara nyingi paja zima la kuku lililopikwa mpaka linaachia mfupa, alafu kiwango cha pilipili, alafu wali kiasi gani. Mboga zinakuja kubwakubwa, kiazi, karoti, boga, biringanya, bamia. Wali unakuja sahani yake, unachota kijiko cha wali unakichovya kwenye supu unakula, usiumwage wali wote kwenye bakuli. Pilipili anza katikati, namba zao za juu ni za kweli.

Jua linazama mapema, kufika saa 11 jioni giza linaanza kuingia, na hapo Odori inabadilika kabisa. Taa zinawashwa mpaka saa 4 usiku na yale makubwa wanarushia picha zinazotembea pamoja na muziki. Kwahiyo rudi mara ya pili, usiseme nilishaona asubuhi. Alafu shuka Susukino kwa miguu ukaone barafu, na tafuta yale mabonge ambayo wamegandisha samaki na kaa halisi ndani, samoni mzima amekaa ndani ya barafu kama anaogelea na taa inapita nyuma yake, watoto wanasimama hapo hawataki kuondoka.

Na uko Susukino kwasababu chakula cha usiku kiko hapohapo. Una njia mbili. Ya kwanza rameni ya miso, yaani tambi za supu yenye rojo la soya iliyochachushwa, iliyozaliwa Sapporo miaka ya 1950, kuna kichochoro kizima cha Ramen Yokocho chenye vibanda vimebanana pande zote, viti vichache, mvuke umejaa vioo. Tambi ni nene za njano zenye mawimbi, mboga zimekaangwa kwa moto mkali, mahindi na kipande cha siagi juu, na kuna utando wa mafuta unaofunika supu ndio maana inabaki ya moto mpaka mwisho, kunywa taratibu usijiunguze ulimi. Sehemu nyingi unalipa kwanza kwenye mashine inatoa tiketi, unampa mpishi. Kuvuta tambi kwa sauti ni ruksa. Ukimaliza nyanyuka, kuna watu wamesimama kwenye theluji wanasubiri kiti chako.

Ya pili ni jingisukan, nyama ya kondoo. Hii lazima ujipe usiku wake. Wanaleta jiko mezani na chuma cha kuchomea kilichotuna katikati na mfereji pembeni, unaweka kipande cha mafuta ya kondoo juu kabisa, yanayeyuka yanateremka, nyama unaipanga kwenye mwinuko, vitunguu na kabichi na chipukizi za maharage unaziweka chini pembeni zinapikwa na yale mafuta na mchuzi wa nyama unaoteremka. Mboga zile ndizo nazozipenda mimi kuliko hata nyama yenyewe. Usiipike nyama mpaka ikauke, ikibadilika rangi pande zote chovya kwenye sosi kula. Harufu inaingia kwenye nguo kweli kweli, mgahawa mwingi watakupa mfuko mkubwa wa plastiki uweke koti lako, ukubali.

Hatua ya 6: Kwa wanaokula halali

Hapa lazima niseme wazi. Rameni karibu zote zina nguruwe, kama sio nyama basi supu au mafuta, kwahiyo kutoa vipande vya juu haisaidii. Kondoo wa jingisukan sio lazima awe amechinjwa kihalali. Supu ya kari ya kuku au ya mboga inaonekana salama ila mchuzi wake unaweza kuwa na mifupa ya nguruwe, uliza kabla ya kuagiza, sema "butaniku wa tabemasen", sili nguruwe, wataelewa na watakwambia ukweli. Njia rahisi kuliko zote ni vitu vya baharini, na Sapporo ndio mahali pa kufaidi hivyo, japo sosi nyingine zina pombe ya kupikia kwahiyo mwenye kuchunga sana abebe soya sosi yake ndogo. Karibu na Chuo Kikuu cha Hokkaido kuna msikiti, nenda Ijumaa, na Waislamu wanaoishi pale ndio watakuambia migahawa ipi mwaka huo inaaminika.

Hatua ya 7: Jioni moja mpe Otaru

Mji mdogo wa bandari, treni dakika 35 mpaka 45 kutoka Sapporo, kaa upande wa kulia ukienda kwasababu njia inapita ukingoni kabisa mwa bahari, mawimbi upande mmoja na theluji upande mwingine. Wana tamasha lao toka 1999, nalo ni Februari na kawaida linaingiliana na la Sapporo kwa siku chache. Hakuna majitu huko, ni mishumaa tu, wanaiwasha kuanzia saa 11 jioni kwenye vitaa vya theluji pembeni ya njia, na kwenye mfereji wa zamani wa 1923 wanaelea mishumaa ndani ya maboya ya kioo ambayo wavuvi walitumia kwenye nyavu. Fika mchana kula sushi, kaa unywe chai, jioni tembea mfereji, rudi na treni usisubiri ya mwisho.

Hatua ya 8: Pesa ndogondogo na kuondoka

Beba noti na sarafu, soko na vibanda vingi wanapenda keshi, mashine za benki ndani ya 7-Eleven zinakubali kadi za Visa za kwetu. Bakshishi hawachukui, ukiacha hela mezani watakukimbiza kukurudishia. Tamasha likiisha kesho yake asubuhi mashine zinakuja kuvunja masanamu yote kwa ajili ya usalama, kama bado upo mjini pita uangalie, watu wa mji wenyewe wanakuja.

Zawadi nunua uwanja wa ndege New Chitose, biskuti za Shiroi Koibito za chokoleti nyeupe zinazotengenezwa Sapporo toka 1976 zinafika Dar bila kuvunjika kama ukiziweka mkononi. Pakiti za supu na sosi weka kwenye begi kubwa la chini, ukiwa nazo mkononi ukaguzi wa ndege ya kimataifa watazichukua. Na nenda uwanjani masaa matatu kabla hata kama ndege ni ya ndani, ghorofa ya 3 kuna migahawa ya rameni mfululizo na foleni yake wiki ile ni ndefu.